Maji ya Kinyozi

Kwetu Mugango furu, yule samaki mdogo wa ziwani, hafugwi. Furu anatungwa kwenye kijiti, anakaushwa juani, anachemshwa na nyanya, analiwa na ugali wa muhogo, na kichwa anapewa paka. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomwona mtu mzima, mwenye barakashia na miwani, ameinama mbele ya chupa kubwa ya peremende akiwasemesha furu wawili wadogo, nilitoa mguu kwenye cherehani nikacheka mpaka machozi.

"Cheka taratibu, mama Nyamisi," aliniambia bila kugeuka. "Unatikisa ukuta. Maji yanahangaika."

Maji yanahangaika! Nikacheka tena. Nilikuwa sijamjua bado. Ningejua yale maji yangekuja kututoa machozi watu wawili pale barazani, mimi na yeye, ningekaa kimya nikapima kola yangu.

Jina lake alikuwa nalo, na waliomzika wanalijua. Mtaa mzima ulimwita Kinyozi, na mimi hapa namwita hivyo hivyo. Baraza yetu ilikuwa moja, pale Musoma mjini, karibu na msikiti: upande wa kushoto cherehani yangu, upande wa kulia mlango wake. Ndani alikuwa na kiti cha chuma, kioo kikubwa kilichomeguka pembe moja, na rafu ya mbao. Mimi nilitoka Nyakato kwa miguu kila asubuhi, na kila asubuhi nilimkuta ameshafagia, hata upande wangu. Miaka mingi tulikaa hivyo, mgongo kwa mgongo, na ukuta mwembamba katikati. Hakuna kikohozi chake nisichokijua.

Alikotoka sijui. Kila aliyemuuliza alijibiwa mji tofauti, na wote ni miji ya mbali. Ila Kiswahili chake kilikuwa cha huko kwenye Kiswahili chenyewe, na hakuchoka kututania sisi watu wa Mara.

"Nilikuwaga, nilikwendaga, nilikulaga," alikuwa akiniigiza. "Hiyo 'ga' inatafuta nini huko mwishoni?"

"Inatafuta siku zilizopita, mzee."

"Basi iambie isijichoshe. Hazipo."

Usidhani alikuwa mtu mpole. Alikuwa na ulimi. Mteja akija na kichwa kichafu anaambiwa wazi, "Nenda kaoge, mimi nanyoa nywele, silimi shamba." Lakini walevi waliotoka kwenye pombe za kienyeji, ambao wenzake wa msikitini walikuwa wakiwakwepa, aliwakalisha kwenye kile kiti akawanyoa vizuri kuliko wote, na hakuwa na mahubiri. Aliongea mchana kutwa, lakini hajawahi kutamka neno moja juu ya mama wa mtoto wake. Aliishi kwenye mji uliozungukwa na ziwa na hajawahi kukanyaga mtumbwi. "Maji ya kwenye chombo nayajua tabia," alisema. "Yale ya kule yana wenyewe."

Na ndiyo, alikuwa na maji moyoni kama wengine walivyo na ng'ombe. Sheria yake aliitoa chuoni, utotoni, walipofundishwa maji ya kutawadhia: maji yasiwe yamebadilika rangi, wala ladha, wala harufu. Basi. Hiyo ndiyo elimu yake yote ya samaki. Kila asubuhi aliinua chupa akaitazama kwenye mwanga, akainusa, halafu, Mungu wangu, akachovya kidole akalamba! Wateja walikuwa wakitema mate. Mmoja kutoka Butiama, mfuga ng'ombe aliyekuja kunyolewa kila mnada, alisimama na povu kidevuni akasema, "Wewe mzee, hayo si mkojo wa samaki?"

"Ndiyo maana naonja," alijibu Kinyozi. "Ukizidi nitajua mimi kabla yake. Kaa chini."

Wale furu aliletewa na kijana wake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, mrefu, mwenye aibu, ambaye aliachia shule njiani akafuata sangara visiwani. Miaka ile kila mwenye mikono alifuata sangara. Siku moja akaja na chupa ya chai, ile ya kutunzia moto, akamfungulia baba yake pale barazani. Ndani hakukuwa na chai. Kulikuwa na furu wawili wa kwenye mawe ya Mugango, jike la kijivu na dume la buluu lenye mapezi mekundu, hao waliokuwaga wanajaa nyavu zetu mpaka wengine tukiwatupa.

"Baba, nyavu zinarudi na sangara watupu," alisema. "Wamewala furu wote. Hawa wawili nimewapata baada ya kutafuta mwezi mzima. Niwekee mpaka ziwa litulie, nitawarudisha mwenyewe."

"Ziwa linatulia lini?"

"Sangara akimaliza chakula, si atapungua? Niwekee tu."

Ndivyo ilivyoanza. Mzee asiyejua samaki hata wa kwenye sufuria akakabidhiwa kizazi cha watu.

Hizo zilikuwa siku za foleni. Sabuni ilikuwa kama harusi, ukisikia ipo mahali unakimbia. Nyembe zilinolewa kwenye glasi mpaka zikawa nyembamba kama karatasi, na Kinyozi alikuwa akinyoa kwa maji ya moto na mkono tu, na watu walitoka pale wakiwa wamejikaza. Mimi nilishona mashati kwa mifuko ya unga. Lakini leo nikikumbuka naona kwamba ile shida ndiyo iliyowafaa wale samaki. Mikono ya Kinyozi haikuwa na sabuni wala mafuta. Aliingiza mkono kwenye chupa, akatoa uchafu, na maji yalibaki maji.

Utaratibu wake niliujua kwa sababu aliniachia samaki aliposafiri kwenda Bunda kwenye msiba wa rafiki yake. Alinifundisha kwa ukali kana kwamba naachiwa mtoto mchanga. Maji ya bomba, siku yakitoka, usimpe hapo hapo, yana dawa. Yaweke kwenye ndoo wazi yalale, yapumue, dawa itoke. Usibadilishe yote, toa robo, tia robo, maana samaki ana maji yake aliyoyazoea, ukimmwagia yote ni kama kumhamisha nyumba akiwa usingizini. Tia mkono ndoo hii, tia mkono chupa ile, joto liwe moja. Mimina kwa kikombe, pembeni, taratibu. Mpe viluwiluwi vya mbu vichache, na atakavyobakiza uvitoe kabla havijaoza. Ule ukijani upande wa nyuma usiuguse. Ukiona samaki amekuja juu anavuta hewa kwa mdomo, jua maji yamechoka.

"Na usiongee naye," alisema akiwa ameshashika mfuko wake wa safari.

"Kwani wewe si unaongea naye?"

"Mimi tumezoeana."

Aliporudi nilimwambia kwa wasiwasi kwamba jike halili, limevimba kidevu. Alibadilika uso. Alikaa mbele ya ile chupa bila kuvua hata kofia. Ndipo nikatazama vizuri, nikaanza kucheka, maana kumbe kilikuwa kitu ninachokijua tangu nimekuwa mtoto nikipaa samaki na mama yangu.

"Mzee, huyo si mgonjwa. Furu jike analea mayai mdomoni. Hali mpaka watoto watoke. Na wakishatoka, wakiona hatari wanarudi humo humo kwa mama yao."

Alivua miwani, akasogeza uso mpaka pua ikagusa chupa.

"Subhanallah," alisema. "Anashinda njaa na chakula kimejaa mbele yake, asije akawameza."

Kuanzia siku hiyo hakula samaki tena. Si furu, si sato, si sangara. Nyama ilikuwa ngumu kupatikana, kwa hiyo alikula maharage. Nilimwambia anajitesa bure, akanijibu kwamba yeye hali majirani zake.

Watoto walipotoka, alimwendea fundi vioo akatengenezewa kisanduku cha kioo, akakiweka dirishani. Wale wa mwanzo walizeeka wakafa, wakabaki watoto wao, na watoto wa watoto. Alikuwa na sifa ya kuwa chizi wa mtaa, na hakujali. Ila mara moja alikaribia kupigwa. Bomba lilikauka mtaani kwa muda mrefu, na watu walipanga ndoo pale kwenye bomba la msikiti tangu alfajiri. Kinyozi naye akapanga yake. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma, mwenye mtoto mgongoni, akapiga kelele, "Huyu anachotea samaki! Watoto wetu wanaharisha, huyu anachotea samaki!" Watu wakaguna. Mimi nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Kinyozi alichota, akaibeba ile ndoo aliyoipanga yeye akampelekea yule mwanamke mpaka mlangoni kwake, halafu akachukua debe akatembea mpaka ufukweni kule Mwigobero, yeye anayeogopa ziwa, akaingia mpaka magotini akachota. Alirudi nguo zimelowa, anatetemeka.

"Maji ya kifuu, bahari ya chungu," aliniambia akikamua kanzu. "Lakini chungu akinifia, nitamwambia nini kijana?"

Kijana alikuwa anakuja mara mojamoja. Akija, kazi ya kwanza ilikuwa kumnyoa baba yake. Mnajua wenyewe wanavyosema, kinyozi hajinyoi. Yeye alikuwa na wa kumnyoa, na alimngoja. Ndevu zikirefuka, mtaa ulijua kijana amekawia visiwani. Zikikatwa, tulijua amekuja, hata kama hatujamwona. Baada ya kunyoa, wote wawili walisimama mbele ya kisanduku wakitazama samaki. Baba mfupi, mtoto mrefu. Nilikuwa nasimamisha cherehani ili nisiwasumbue.

Halafu mambo yakafunguka. Serikali ikasema ruksa. Madukani kukajaa sabuni za kila rangi, mafuta ya nywele, mitumba ikamwagwa sokoni hata mimi nikakosa wa kumshonea. Vijana wakafungua saluni zenye redio na mashine za umeme. Viwanda vya samaki vikaja, minofu ya sangara ikapanda ndege, na sisi wenyewe tukaanza kununua mapanki, yale mabaki ya vichwa na miba. Pesa ilikuwa inaonekana mikononi mwa watu wa visiwani. Na ule ugonjwa nao ukaja, ambao mwanzoni hatukuutaja jina. Tulikuwa tunasemaga, "Amekonda." Inatosha. Kila mtu alielewa.

Kijana wa Kinyozi alirudi amekonda.

Nitasema nilichokiona. Baba yake angeweza kumficha chumbani, wengi walificha wa kwao, na hakuna aliyewalaumu. Yeye alimshika mkono mchana kweupe, wakavuka barabara polepole, akamkalisha kwenye kile kiti cha wateja mbele ya kioo kikubwa, mlango wazi. Akamnyoa. Alimnyoa kwa muda mrefu mno, maana nywele zenyewe zilikuwa zimebaki chache. Waliokuwa wakingoja zamu barazani waliondoka mmoja mmoja. Mwingine alijifanya amesikia anaitwa.

Alipomaliza, kijana akasema, "Na wewe kaa."

"Pumzika, mwanangu."

"Kaa, baba. Umeota msitu."

Kinyozi akavuta kigoda akakaa chini, mbele ya kile kiti. Kijana alifungua wembe mpya kutoka kwenye karatasi yake, akamwonyesha. "Huu sijautumia mimi. Umeona? Mpya." Wembe ukateleza ukamkata mzee kidogo kidevuni. Mzee hakujitikisa. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha mtu na sikujua tena ninashona nini.

"Bado wapo?" kijana aliuliza, akitazama dirishani.

"Wapo wawili. Dume na jike."

"Wasiishie kwenye kioo, baba. Mimi ziwa sitaliona tena. Ukisikia sangara wamepungua, warudishe pale pale kwenye mawe ya Mugango."

"Nitawarudisha."

"Niahidi."

"Nimekwambia nitawarudisha. Usinilishe kiapo mbele ya fundi."

Walicheka wote wawili. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kusikia kicheko cha yule kijana, na kusema kweli hata cha baba yake.

Huku kwetu mtu akizikwa, tanga likiisha, wafiwa wananyolewa. Miaka yote hiyo, familia kwa familia zilikuja kwa Kinyozi, Wakristo na Waislamu, akawanyoa na kuwaambia maneno mazuri. Zamu yake ilipofika, tulipokwisha kumzika kijana, wazee wa msikitini walikuja kumwambia yaishe, anyolewe, arudi kazini. Kazini alirudi. Kunyolewa alikataa. "Msiba wangu bado," aliwajibu. "Nina kazi ya marehemu mkononi. Nikiimaliza nitanyoa." Wakadhani anaongelea madeni. Mimi peke yangu ndiye niliyejua ni samaki.

Lakini wateja walikuwa wamekimbia. Kiti alichokaa mgonjwa hakuna aliyekitaka, na maneno yalitembea mtaani kuliko watu. Wengine walisema wembe wa Kinyozi ndio umemaliza watu! Nilimgombeza mwanamke mmoja kwa hilo tukakaribia kushikana. Kinyozi mwenyewe hakugombana. Alinunua ile dawa ya hospitali ya kuua vijidudu, ile ukiitia kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa, akaijaza kwenye bakuli, akaliweka mlangoni ambapo kila mpita njia analiona. Wembe ukitoka kwenye karatasi ulizama humo. Mkasi, kitana, na mikono yake mwenyewe mpaka kwenye kiwiko, mbele ya macho ya mteja. Polepole watu wakarudi. Harufu ya ile dawa ilishika kuta, ikashika nguo zangu, mume wangu alikuwa ananiuliza kama nimelazwa. Baada ya muda hatukuisikia tena. Pua inazoea.

Wakati huo jike lilikuwa limevimba kidevu. Kinyozi alikuwa na furaha, kama neno hilo linamfaa. Kila mteja alionyeshwa. "Huyu kafunga. Amebeba wanawe." Alihesabu kwamba wakitoka watoto, atakuwa na wa kutosha kuanzisha ukoo tena pale kwenye mawe.

Siku ile ilikuwa ya kazi nyingi, mkesha wa sikukuu, watu wamejaa. Akaona jani limeanguka ndani ya kisanduku. Akatoka kwa mteja, mikono bado inatiririka, akaingiza mkono akalitoa. Alikuwa ameyapima maji asubuhi kama kawaida: rangi, harufu, ladha. Maji yalikuwa safi. Aliyapima maji, hakuupima mkono wake.

Alasiri samaki wote wawili walikuwa juu wanavuta hewa. Tulihangaika, tukatoa maji, tukatia mengine, mimi naleta ndoo na yeye anamimina, hata kikombe hakukumbuka. Dume lilipona. Jike lilitapika watoto, wadogo kama punje za mtama, wenye macho. Waliogelea kidogo wakirudi mdomoni kwa mama yao, na mdomo haukufunguka tena.

Kinyozi alinusa kiganja chake. Alinusa tena. "Sisikii kitu," alisema. "Mama Nyamisi, nusa wewe." Nikanusa, na mimi sikusikia kitu. Ilibidi tumwite mpita njia. Yule mtu akanusa akarudisha kichwa nyuma, "Mzee, si dawa hiyo?"

Alilia. Nasema kama nilivyoona: mtu yule hakulia makaburini, alilia pale, juu ya samaki wa urefu wa kidole. Na mimi nikalia naye, na wateja wakaondoka na nusu ya ndevu zao.

Kesho yake alihamisha kisanduku kutoka dirishani akakiweka mbele ya kile kioo kikubwa. Dume, lililokuwa limejikunja kwenye kona likiwa jeusi, likaona mwenzake. Likasimamisha mapezi mekundu, rangi ya buluu ikarudi mwilini, likaanza kwenda na kurudi mbele ya kioo.

"Si anataka kupigana huyo?" nikasema.

"Hata wa kugombana naye ni mtu," alijibu.

Miaka ikapita hivyo. Ndevu zikafika kifuani, nyeupe, watoto wakimwita majina. Bakuli la dawa alilihamishia nje, na kabla ya kugusa maji ya samaki alinawa kwa maji matupu, akanipa kiganja ninuse, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka nyumbani, pua haijazoea. Pua yake alikuwa haiamini tena. Ilikuwa kazi yangu ya asubuhi, kabla hata ya kuamkiana.

Mara ya mwisho kukaa naye siku nzima ni pale nilipoleta habari mwenyewe. Kaka yangu wa Mugango alipita mjini akasema sangara wamepungua kweli, na furu wameanza kuonekana onekana. Sikupaswa kusema? Ningewezaje kunyamaza? Kinyozi alikwenda kutafuta ndoo yenye mfuniko.

Tulikwenda na pikapu ya watu wa mnada, yeye ameipakata ndoo, kila shimo anatamka jina la Mungu. Kaka alitupokea, akatupeleka mpaka kwenye mawe. Nilikuwa sijafika pale siku nyingi. Maji yetu tuliyokuwa tukiyaona mpaka chini, tukihesabu kokoto, yalikuwa ya kijani, mazito, na magugu yamejazana pembeni. Mizoga ya vichwa vya sangara ilikuwa imesukumwa na mawimbi. Furu ambao kaka aliwaona walikuwa wale wa kahawia tu, wa kwenye matope. Wa mapezi mekundu hakuna aliyekumbuka aliwaona lini.

Kinyozi alivua viatu. Akaingia, yeye na woga wake, mpaka magotini. Akachota kwa kiganja, akainua kwenye mwanga. Akaninyooshea mkono ninuse; nikageuza uso. Akaonja mwenyewe. Akatema.

"Mzee," kaka yangu akasema kwa upole, "samaki ni wa ziwa. Muachie tu, hata akifa afie kwao."

"Kufa anaweza kufia kwangu," alisema Kinyozi. "Mimi niliambiwa nimrudishe aishi."

Akasimama mle majini muda mrefu, nguo zinaelea. Halafu akatoka, akachukua ndoo yake. Njia nzima ya kurudi hakutaja jina la Mungu kwenye mashimo.

Tulipofika barazani alimrudisha samaki kwenye kisanduku kwa kikombe, pembeni, taratibu. Dume likaenda moja kwa moja kwenye kioo kumtazama mwenzake. Kinyozi akakaa kwenye kile kiti cha wateja. Miaka yote sikuwahi kumwona amekikalia. Akafungua droo akanipa wembe, mpya, kwenye karatasi yake.

"Ninyoe."

"Mimi nashona, mzee. Sijawahi kunyoa mtu."

"Nyoa."

"Kwani msiba umeisha?"

"Haujaisha," alisema. "Nimeshindwa. Basi, itabidi nikamwambie kijana mwenyewe, na siku si nyingi. Sitaki anione na msitu huu."

Nilitoka nje, kwa mazoea tu, nikanyoosha mkono kwenye bakuli la dawa nizamishe wembe. Akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tena maishani.

"Hapana! Usitie mkono humo. Kuanzia kesho maji ya samaki unayabadilisha wewe."

Nikaenda kwenye ndoo ya maji yaliyolala. Nikanawa kwa maji matupu, mkono huu na mkono huu, nikanusa viganja vyangu, halafu nikamwomba mpita njia anuse na yeye. Hakusikia harufu yoyote. Nikarudi ndani nikamshika kidevu, nikaanza pale penye kovu la wembe wa kijana.